Anza na ukuta, mlango utakusubiri: kusoma majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ukitokea Lubumbashi

Likizo kubwa ikikaribia, simu yangu haipumziki. Vijana wa Beaux-Arts, shule yetu ya sanaa, vijana wa ujenzi, hata mmoja wa sheria aliyechoshwa na sheria, wote wanauliza yale yale: nikienda Zanzibar kuchora majengo ninunue kamera gani? Siku ngapi zinatosha? Kiongozi analipwaje? Nimejibu hadi dole gumba linauma. Naandika mara moja, anayetaka asome.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Nilirudi na picha zaidi ya 400, karibu zote za milango. Nikamwonyesha fundi mmoja wa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, mzee aliyejenga maisha yake yote kwa matofali ya udongo wa kichuguu. Akazipitisha kwa kidole kama anayehesabu noti, halafu akauliza: "Vyumba vyao vina upana gani?" Sikujua. "Na paa linakaa juu ya nini?" Sikujua. Akanirudishia simu. Mwongozo huu umetokana na maswali hayo mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Karatasi kwanza. Pasipoti, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na jibu la konsulati ya Tanzania kuhusu visa. Liulize wewe mwenyewe, mwaka huu huu, usitegemee la rafiki aliyekwenda zamani. Zanzibar ilianza kudai bima ya safari kwa wageni Oktoba 2024. Uliza pia kama inakuhusu na inalipwa wapi. Kisha barua ya shule yako yenye muhuri, kwa Kiswahili au Kiingereza. Barua nzuri ya Kifaransa, hata ikiwa na mihuri mitatu, kule haimsaidii mtu. Ukitaka kuhoji watu kwa utafiti rasmi au kufungua mafaili ya Nyaraka za Taifa pale Kilimani, hiyo ni kazi ya kibali cha utafiti, na kibali huombwa mapema.

Vifaa ni vichache:

- Daftari mbili za jalada gumu: ndogo ya mfukoni, na moja ya A4 yenye karatasi za miraba.
- Penseli HB na 2B, kisu cha kuchongea, kifutio kimoja.
- Mita ya kuvuta ya mita 5. Zanzibar wataiita futi.
- Timazi: uzi na nati nzito inatosha.
- Kofia, chupa ya maji, mfuko wa plastiki wa kufungia daftari mvua ikija.
- Nguo za kufunika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake.

Kamera? Simu uliyo nayo inatosha.

Siku 10 ndani ya Mji Mkongwe ni kipimo kizuri. Siku 4 ni utalii. Nenda kati ya mwezi wa sita na wa tisa, wakati wa kipupwe. Masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, utachora mwavuli. Angalia pia Ramadhani inaangukia wapi: mchana chakula ni shida kupata na si adabu kula mbele za watu, ingawa usiku mji unapendeza kuliko wakati wowote.

Hatua kwa hatua

1. Jizoeze hapa nyumbani. Kabla ya kuchora ya watu, chora ya kwenu. Nenda Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo Jumamosi, ukae upande wa pili wa barabara, uchore uso wake kwa dakika 40 bila kufuta. Wiki ya pili nenda Bâtiment du 30 Juin, ule ukumbi wa tamthilia wa miaka ya 1950. Wiki ya tatu pima chumba unacholala, ukiweke kwenye karatasi kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya sakafu. Ikiwa chumba chako mwenyewe hakiingii kwenye karatasi sawasawa, nyumba ya ghorofa tatu ya Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, itakutesa. Na barua ya shule anza kuibeba huku huku, maana Lubumbashi nako mtu anayetazama jengo kwa muda mrefu huulizwa maswali.

2. Safiri. Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, kisha Ndola, kisha Kapiri Mposhi. Hapo njia zinagawanyika. Basi linapita Serenje na Mpika hadi Nakonde, unavuka mpaka kuingia Tunduma, halafu Mbeya na Dar es Salaam. Au treni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Mimi naipenda kwa ajili ya dirisha lake, lakini treni ya abiria imekuwa ikisimama na kuanza tena; hakikisha inatembea kabla ya kujipeleka Kapiri na mizigo. Ukifika Tunduma, sogeza saa mbele kwa saa moja. Kuna waliokosa boti kwa kusahau jambo hilo dogo.

Dar es Salaam nunua tiketi ya boti dirishani, siyo kwa kijana anayekupokea begi getini. Pasipoti iwe mkononi, safari ni kama saa mbili. Dola zako ziwe safi na za toleo jipya, na ununue vitu kwa shilingi.

3. Siku ya kwanza usichore. Tembea tu. Mji Mkongwe ni kama pembetatu: bahari pande mbili, na upande wa tatu barabara ya Darajani, ambako zamani mkono wa bahari uliingia na karibu kuugeuza mji kisiwa. Kwa hiyo ukipotea, na utapotea, endelea kwenda mbele bila kugeuka. Utatokea baharini au Darajani. Katika daftari ndogo andika maneno tu: uchochoro gani unapata jua na saa ngapi, wazee wanakaa baraza gani, wapi lipu imebanduka. Vichochoro vingi ni vyembamba kiasi kwamba jua linagusa chini karibu na adhuhuri tu. Majengo ya ufukweni yanatazama magharibi, hivyo asubuhi nyuso zake zimelala kivulini na alasiri zinaamka.

4. Salimia kama wao. Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu "Kiswahili tunakijua". Tunakijua cha kwetu. Lubumbashi "Jambo" ni salamu ya kweli, ya jirani kwa jirani. Zanzibar ni neno wanalorushiwa watalii, na utajibiwa kwa tabasamu la biashara. Sema "Shikamoo" kwa kila aliyekuzidi umri, usubiri "Marahaba". Mlangoni piga hodi na ungoje "Karibu", hata mlango ukiwa wazi mpaka ndani. "Kulomba" kwetu, kwao ni "kuomba". "Mayi" ni "maji". Na usirudie kosa langu: nilimwita mzee mmoja "papa" kwa heshima zote za kwetu, wajukuu wake wakacheka hadi wakakaa chini. Pwani papa ni samaki, tena yule mwenye meno. Mwite Mzee, au Fundi ikiwa ni fundi, au Maalim ikiwa ni mwalimu. Mwanamke mtu mzima ni Bi.

Vijana wanaokufuata wakitaka kukuongoza huitwa papasi. Hawana ubaya wote, lakini hawana subira ya mtu anayekaa mbele ya ukuta mmoja kwa muda wa saa tatu, kwa hiyo watakuacha wenyewe.

5. Chagua nyumba moja, uanze na ukuta. Moja tu. Tafuta nyumba ambayo lipu imeanguka mahali, au inayokarabatiwa, na umwombe mwenyewe. Sogea karibu. Utaona vipande vya mawe ya matumbawe visivyochongwa, vikubwa na vidogo, vimelazwa ndani ya udongo na chokaa. Weka mkono. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi, kwa sababu mawe hayo ni mepesi na hayakukatwa kushikana. Unene ndio unaoyashika.

Kisha inua macho. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe madogo na chokaa iliyopigwa siku nyingi hadi ikawa sakafu ngumu. Boriti hazizidi sana mita 3, mara nyingi ni pungufu. Hapo ndipo penye siri yote ya mji. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake, awe mwenye nyumba ni sultani au mchuuzi wa samaki. Kwa hiyo vyumba vinakuwa vyembamba na virefu kama behewa, vimepangwa kuzunguka ua wa kati, na ua ndio unaoleta hewa na mwanga kwa vyumba ambavyo haviwezi kutanuka. Zile zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zile nyuso za nyumba zinazopanda juu badala ya kutanda pembeni, vichochoro vyenyewe: fuata kila kimoja kwa nyuma, utaikuta ile fito ya mkoko.

Fundi wa kwetu wa kichuguu angeielewa nyumba hii kwa dakika tano. Mimi ilinichukua safari mbili.

Onyo: usisifu ukuta kwa kuwa umepakwa saruji mpya ukang'aa. Fundi mmoja wa chokaa upande wa Malindi, mtaa wa hapo hapo Mji Mkongwe, alinionyesha. Alipitisha ukucha kwenye ufa wa lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani, kikatoka kipande kizima kama ganda la mkate, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. "Wameuvika koti la mpira," alisema. Chokaa huachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na mawe yanaoza taratibu mahali pasipoonekana. Andika kila mahali unapoona saruji juu ya chokaa. Ukurasa huo utakufundisha kuliko kanisa lolote.

6. Pima. Ukiruhusiwa kuingia, fanya kazi wawili wawili: mmoja anashika mita, mwingine anaandika. Kwanza chora ramani ya chumba kwa mkono, kubwa, bila vipimo. Ndipo ujaze namba.

Usipime vipande vipande: ukuta, dirisha, ukuta, mlango, kisha ukajumlisha. Kila kipande kina kosa la sentimita moja, na makosa hujumlishwa pia. Weka sifuri ya mita pembeni mwa chumba, iache hapo, usome namba kila inapokutana na kitu: 84, 176, 250, 281. Halafu pima pembe kwa pembe, mara mbili, kama herufi X. Hakuna chumba cha Mji Mkongwe chenye pembe sawa, na bila ile X utachora mstatili wa uongo. Shusha timazi dirishani uone ukuta unaegemea wapi. Ukiegemea, andika ni sentimita ngapi.

Pasipofikika mita, tumia mwili. Shibiri yako ni karibu sentimita 23, dhiraa karibu 46, lakini pima yako mwenyewe kabla hujaondoka uandike ndani ya jalada. Hatua zako pia: tembea mita 20 kwa mwendo wa kawaida, hesabu, gawanya.

7. Sasa mlango. Sasa unaruhusiwa. Anza na mifupa yake: miimo miwili ya kando, kizingiti, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ndiyo ya mtindo wa kale wa Kiarabu. Yenye upinde juu ilikuja baadaye, kwa mkono wa mafundi na matajiri wa Kihindi. Ile misumari mikubwa ya shaba ni desturi ya India, ambako husimuliwa kwamba ilizuia tembo. Zanzibar tembo hakuna. Ni pambo na utajiri. Mbao nzuri ni msaji uliotoka ng'ambo, nyingine mfenesi wa hapo hapo.

Chora robo moja tu ya nakshi, kwa ukubwa, uone fundi alivyorudia. Utakuta mnyororo, samaki, mtende, yungiyungi, mawimbi. Kuna watakaokuambia kila alama na maana yake kama kamusi: mnyororo ni hiki, samaki ni kile. Andika, lakini andika pia nani amesema. Mimi nimeshaambiwa maana tatu za mnyororo mmoja katika kichochoro kimoja.

8. Majengo makubwa, moja kwa siku. Kanisa la Kristo la Waanglikana, Mkunazini, lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa 1873. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia, na amezikwa nyuma ya altare. Nenda kwenye sehemu ya ubatizo utazame nguzo: wanasimulia kwamba mafundi waliziweka kichwa chini miguu juu askofu akiwa safarini. Usikubali wala kukataa. Chora kitako na kichwa cha nguzo, uamue. Tazama pia msalaba wa mti uliotoka Chitambo, Zambia, mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa. Kama ulikuja kwa basi, ulipopita Serenje hukuwa mbali na hapo.

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ya Sultani Barghash, ya 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Usipange safari yako kwa tumaini la kuingia ndani. Ichore kutoka bustani ya Forodhani alasiri, na ushughulike na nguzo zake nyembamba za chuma: ni jengo lililotaka kukimbia sheria ya boriti ya mikoko, na linaonyesha gharama yake. Msikiti wa Malindi una mnara wa umbo la pia, ambao ni nadra sana pwani hii. Unauchora kutoka nje. Ndani ya msikiti wowote usiingie bila kualikwa, na usikae kuchora mlangoni wakati wa sala, hasa Ijumaa.

Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, iko Shangani, yenye ngazi za mawe meusi na meupe. Wageni wengi hupiga picha wakapita. Sisi hatuwezi kupita tu: pembe, na watu waliouzwa, vilivyolipia nyumba za namna hiyo vilitoka upande wetu, Maniema na Kasongo. Nilikaa mbele ya ngazi ile na penseli, mstari ukakataa kunyooka, nikaandika tarehe nikafunga daftari. Ukurasa ule uko hivyo hivyo mpaka leo.

9. Vuka Darajani. Wengi wanamaliza bila kukanyaga Ng'ambo, mji wa upande wa pili wa barabara hiyo. Ni kosa. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ni usanifu kamili, uupende usiupende. Na mtu wa Lubumbashi, anayejua jinsi Kamalondo ilivyotengwa na mji wa wazungu kwa ile zone neutre, ukanda ulioachwa wazi katikati, ataielewa haraka maana ya jina Ng'ambo.

10. Kila jioni, saa nzima ya kusafisha daftari. Kabla ya urojo, ule mchuzi wa Zanzibar, siyo baada yake. Pitia vipimo, jaza vilivyosahaulika wakati bado unakumbuka, piga picha kila ukurasa uzitume kwa mtu nyumbani.

Mambo yakikwama

*Ramani haifungi, kuta hazikutani.* Rudi kwenye ile X. Kama hukuipima, rudi kwenye nyumba. Usilazimishe kwa rula.

*Mwenye nyumba amekataa.* Shukuru, ondoka. Chora uso wa nje, hesabu hatua. Mara mbili nimeitwa ndani siku ya tatu na bibi aliyekuwa akinitazama dirishani.

*Watoto wamekuzunguka.* Mpe mmoja penseli na karatasi. Wengine watamzunguka yeye.

*Jasho linafuta penseli.* Kipande cha karatasi chini ya kiganja, na uanze kuchora kutoka kushoto kwenda kulia. Wa mkono wa kushoto, geuza.

*Umezuiwa kupiga picha.* Karibu na Ikulu, bandarini au penye askari, simu ikae mfukoni. Usibishane.

*Hela zimeisha kabla ya siku.* Punguza majengo, usipunguze siku. Nyumba moja iliyopimwa vizuri inatosha.

*Mpakani wanauliza kwa nini umebeba ramani za nyumba za watu zenye vipimo.* Ilinitokea wakati wa kurudi, afisa mmoja akafungua ukurasa baada ya ukurasa wa kuta na namba, uso unazidi kukunjamana. Toa barua ya shule. Kisha, bila haraka, mfungulie ukurasa wa mlango.